Antena Hupimwa Pale Itakapofanyia Kazi

Tagi ya karatasi yenye chipu isiyofikia milimita moja inabandikwa kwenye boksi tupu, na kisomaji kinaiona kutoka mita sita. Tagi hiyohiyo ikihamishiwa kwenye dumu lililojaa maji, mwenye kisomaji analazimika kusogea hadi karibu aliguse dumu. Ikibandikwa kwenye debe la bati, kimya kabisa. Chipu haijafa, betri ya kisomaji imejaa, programu haina kosa. Kilichobadilika ni antena. Maji na bati vimejiunga nayo, na mbunifu aliyeichora akifikiria hewa tupu sasa ana antena nyingine asiyoijua.

Mkasa wa namna hii hauwapati wanafunzi peke yao. Juni 2003 kampuni ya Wal-Mart ya Marekani iliwataka wasambazaji wake wakubwa 100 waanze kuweka tagi za redio kwenye maboksi ya bidhaa ifikapo Januari 2005. Maboksi ya nguo na ya karatasi hayakusumbua sana. Sabuni za maji, vinywaji na vyakula vya kopo ndivyo vilivyowatoa mafundi jasho.

Teknolojia hiyo sasa imeenea Afrika Mashariki: kadi za nauli na viingilio, pasipoti za kielektroniki, hereni za ng'ombe, vifaa vya shambani vinavyotuma taarifa za unyevu wa udongo kwa redio. Nyuma ya kila kimoja kuna antena, na mara nyingi anayeichagua au kuitengeneza ni fundi wa karakana ndogo au mwanafunzi wa uhandisi mwenye bajeti finyu. Kwa mtu huyo, ushauri wenye faida kubwa kuliko wote ni mmoja: antena ibuniwe pamoja na kitu itakachokaa juu yake, na ipimwe ikiwa juu ya kitu hicho. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hapo.

Masafa kwanza, umbo baadaye

Kabla ya kuwaza umbo, mbunifu aulize antena itabandikwa kwenye nini na itasomwa kutoka wapi. Majibu hayo ndiyo yanayochagua masafa.

Ng'ombe ni mfano mzuri. Hereni za kielektroniki zinazofuata viwango vya ISO 11784 na 11785 hufanya kazi kwenye kilohezi 134.2. Urefu wa wimbi la masafa hayo unazidi kilomita 2, kwa hiyo hakuna antena ya kawaida inayolingana nalo inayoweza kukaa sikioni mwa mnyama. Ndani ya hereni mna koili ndogo ya waya inayonasa uwanja wa sumaku wa kisomaji, na uwanja huo hupita kwenye nyama, damu na maji bila kupungua sana. Ndiyo maana Botswana, ilipoanza kufuatilia mifugo kwa redio mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliweza kutumia kidonge kizito cha kauri chenye tagi ndani, ambacho ng'ombe hukimeza kikabaki tumboni. Gharama yake ni umbali: kisomaji kinapaswa kufika karibu na mnyama, na idadi ya tagi zinazosomwa kwa sekunde ni ndogo.

Kadi za malipo ya kugusa na pasipoti za kielektroniki hutumia megahezi 13.56. Hapa pia kazi inafanywa na koili na uwanja wa sumaku, na umbali wa sentimita chache umekusudiwa, kwa sababu hakuna anayetaka pasipoti yake isomwe na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara.

Mtu anayetaka mita kadhaa, kwa mfano kuhesabu maboksi yanayopita mlango wa ghala, huingia kwenye UHF, kati ya megahezi 860 na 960. Huko wimbi husafiri hewani kwelikweli, na huko ndiko maji yanakolimeza na chuma kinakolirudisha. Sheria nazo hutofautiana. Bendi ya Ulaya iliyozoeleka ni megahezi 865 hadi 868 kwa nguvu isiyozidi wati 2 za ERP. Ya Marekani ni 902 hadi 928 kwa wati 4 za EIRP. Wengi huona 2 na 4 wakadhani Wamarekani wana nguvu mara mbili. Vipimo hivyo viwili havina msingi mmoja: ERP hulinganisha na daipoli (antena ya vijiti viwili), EIRP hulinganisha na antena ya kinadharia inayorusha sawasawa pande zote. Wati 2 za ERP ni sawa na wati 3.28 za EIRP, hivyo tofauti halisi haifiki desibeli moja.

Nchi za Afrika Mashariki zimo katika Kanda ya 1 ya Shirika la Mawasiliano la Kimataifa pamoja na Ulaya, lakini mwenye kauli ya mwisho ni mamlaka ya nchi husika: TCRA Tanzania, CA Kenya, UCC Uganda, RURA Rwanda. Fundi aiulize mamlaka kuhusu bendi, nguvu na uidhinishaji wa kifaa kabla ya kulipa, kwa sababu visomaji na antena za bendi ya Marekani hupatikana kwa wingi mtandaoni kwa bei ya kuvutia, na baadhi hubandikwa lebo ya 868 bila kustahili.

Hesabu kabla ya mkasi

Urefu wa wimbi kwa mita hupatikana kwa kugawa 300 kwa masafa ya megahezi. Kwa megahezi 868, jibu ni sentimita 34.6. Antena ya vijiti viwili, yaani daipoli, ya jamii ileile aliyoitumia Heinrich Hertz huko Karlsruhe kati ya 1886 na 1888, huwa na nusu ya urefu huo: sentimita 17.3. Waya halisi huitikia ukiwa mfupi kidogo, takriban asilimia 5 pungufu, hivyo kipimo cha kuanzia ni kama sentimita 16.4 kutoka ncha hadi ncha. Waya wenye ganda la plastiki hutaka kufupishwa zaidi, na mstari wa shaba uliochapishwa kwenye bodi ya saketi zaidi ya hapo. Fundi hukata waya mrefu kuliko hesabu, hupima, kisha hupunguza milimita mojamoja pande zote mbili. Aliyekata mfupi hana pa kwenda ila kuanza upya.

Hesabu ya pili ni ya nguvu. Harald Friis wa maabara za Bell aliichapisha mwaka 1946, na hadi leo ndiyo inayompa mbunifu picha ya mapema ya kile anachoweza kuahidi. Tuseme kisomaji kinarusha wati 2 za ERP, chipu ya tagi inaamka ikipata takriban mikrowati 16 (desibeli 18 chini ya miliwati moja), na antena ya tagi ni daipoli yenye geini ya desibeli 2. Katika hewa tupu hesabu inatoa karibu mita 16. Antena ya kisomaji ikiwa ya aina ambayo wimbi lake huzunguka linaposafiri, huku tagi ikipokea mwelekeo mmoja tu, nusu ya nguvu inapotea na umbali unashuka hadi mita 11. Antena ya tagi isipolandana vizuri na chipu, nusu nyingine ikipotea, zinabaki mita 8. Hapo bado hayajatajwa maji, bati wala mkono wa mtu. Kwa kila desibeli 6 zinazopotea, umbali unakatika nusu. Mbunifu anayeikumbuka kanuni hiyo hatamwahidi mteja mita 10 kwenye makreti ya soda.

Kuna pia mpaka usiovukika kwa ujanja. Harold Wheeler mwaka 1947 na Lan Jen Chu mwaka 1948 walionyesha kwamba antena ikishakuwa ndogo mno kulinganisha na urefu wa wimbi, mbunifu analazimika kuchagua: ama bendi pana, ama ufanisi, lakini si vyote viwili. Kwenye megahezi 433, robo ya wimbi ni sentimita 17.3. Mteja anayetaka kifaa chote kitoshe kwenye kishikio cha funguo, kisha kifike kilomita kadhaa, aambiwe ukweli siku ya kwanza, wakati boksi la plastiki halijachongwa. Vilevile aelezwe kwamba antena ya kijiti kimoja juu ya bodi ya saketi hutegemea shaba ya bodi kama nusu yake ya pili. Bodi ikifupishwa ili kuokoa gharama, antena imebadilishwa hata kama kijiti hakikuguswa.

Tagi haina omu 50

Tagi ya UHF ya kawaida haina betri. Hupokea nguvu ya kisomaji, huamsha chipu, kisha hujibu kwa kubadilisha jinsi antena yake inavyorudisha wimbi lilelile. Kanuni hiyo ilitumiwa kijasusi kabla ya kuwa biashara. Agosti 1945 watoto wa Kisovieti walimkabidhi Averell Harriman, balozi wa Marekani mjini Moscow, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ndani mlifichwa kifaa kilichobuniwa na Léon Theremin: hakikuwa na betri wala nyaya, bali utando mwembamba wa kunasa sauti na antena ya kijiti cha sentimita kama 23. Wimbi la redio lilipoelekezwa kwenye nembo kutoka nje, lilirudi likiwa limebeba mazungumzo ya chumbani. Kifaa kilikaa kwenye makazi ya balozi hadi kilipogunduliwa mwaka 1952.

Kosa la kwanza la wengi wanaotoka kwenye antena za redio na kuingia kwenye tagi ni kubeba omu 50 pamoja nao. Kebo, redio na vipimo vingi vimejengwa kwa omu 50, lakini chipu za UHF hazimo katika utaratibu huo. Kwa mtazamo wa saketi, chipu hiyo ni kapasita ndogo yenye ukinzani kidogo: mara nyingi omu kumi hadi thelathini hivi za ukinzani, na zaidi ya omu 100 za upande wa kapasita. Ili nguvu yote iingie kwenye chipu, antena inapaswa kuwa na ukinzani huohuo, na upande wa koili wenye omu zinazofutana na zile za kapasita. Mtu akiimulika lebo ya nguo yenye tagi kwenye taa ataona matokeo ya hesabu hiyo: kitanzi kidogo cha alumini kuzunguka chipu, na mikono miwili iliyokunjwakunjwa kwenda kushoto na kulia. Kitanzi ndicho kinacholeta upande wa koili. Mikono hurusha wimbi, na imekunjwa ili itoshe kwenye lebo.

Namba za chipu zichukuliwe kwenye waraka wa mtengenezaji, zile za nguvu ya chini kabisa ya kuamkia, kwa sababu chipu hubadilika nguvu inapoongezeka. Gundi na namna chipu ilivyobandikwa huongeza kapasita kidogo, nayo iingizwe. Kisha mbunifu ajiachie nafasi ya kurekebisha. Mwaka 2005 K. V. S. Rao, Pavel Nikitin na Sander Lam walichapisha mapitio ya ubunifu wa antena za tagi za UHF yanayosomwa hadi leo, na tagi waliyoionyesha iliweza kurekebishwa kwa kutoboa njia ya shaba katika sehemu zilizopangwa mapema. Fundi asiye na mashine ghali anaweza kufuata busara hiyohiyo kwa mkanda wa shaba wa kubandika na wembe: achore mikono mirefu kidogo, aache viungo vya ziada, avikate kimoja kimoja huku akipima.

Kwenye megahezi 13.56 kazi ni nyepesi zaidi. Chipu huja na kapasita inayojulikana, na koili huchaguliwa ili viwili hivyo viitikie pamoja. Chipu za familia ya NTAG213 zina pikofaradi 50, hivyo zinahitaji koili ya mikrohenri 2.75 hivi; chipu yenye pikofaradi 17 hutaka mikrohenri 8, yaani mizunguko mingi zaidi kwenye nafasi ileile. Watengenezaji wengi huiweka kadi iitikie juu kidogo ya 13.56, kwa kuwa kadi zikikaa mbili kwenye pochi moja huvutana na kushuka. Nyuma ya koili pasiwe na chuma. Ikilazimu kuwepo, kama kwenye mgongo wa simu, karatasi ya feraiti huwekwa katikati ili sumaku ipite humo badala ya kufia kwenye chuma.

Kompyuta iulizwe swali inaloliweza

Programu za kuiga antena zimekuwa nafuu, na baadhi ni za bure. Msimbo wa NEC-2 uliotoka kwenye maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani mwaka 1981 bado unaendesha programu kadhaa zinazopakuliwa bila malipo. Unafaa sana kwa antena za nyaya na vijiti. Haufai kwa tagi iliyobandikwa kwenye chupa ya maji, kwa sababu haukujengwa kuona plastiki na maji kama miili yenye unene. Kwa hilo openEMS, nayo ya bure, inafaa zaidi, ila inadai uvumilivu na kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha.

Kabla ya kuamini programu yoyote, mbunifu aipe antena ambayo jibu lake linajulikana. Daipoli nyembamba ya nusu wimbi katika hewa tupu inapaswa kutoa takriban omu 73 na geini ya desibeli 2.15. Programu ikitoa geini ya desibeli 5 kwa daipoli hiyo, tatizo liko kwenye uchoraji, na michoro mingine yote itarithi kosa hilo. Baada ya hapo mfano uchorwe pamoja na boksi, skrubu, betri na bidhaa. Mfano wa antena iliyo peke yake hewani huleta namba nzuri za kuonyesha kwenye ripoti, na hauonyeshi tatizo hata moja la dumu la maji.

Mezani kwa fundi

Kifaa kilichobadilisha karakana ndogo ni NanoVNA, kidude cha kiganjani kinachoonyesha kwa kila masafa ni kiasi gani cha nguvu kinaingia kwenye antena na kiasi gani kinarudishwa. Matoleo ya mwanzo yaliishia megahezi 900, huku ubora ukipungua juu ya 300. Anayefanyia kazi 868 au zaidi anashauriwa kutafuta toleo linalofika gigahezi 3. Kifaa hiki ni cha kupima tu. Kikiunganishwa na redio inayorusha, huungua.

Kusawazisha kifaa hufanyika mwisho wa kebo, mahali antena itakapofungwa, kwa kutumia vipande vitatu vinavyokuja nacho: wazi, fupi na mzigo wa omu 50. Anayesawazisha kwenye kifaa kisha akaongeza kebo, anapima kebo na antena kwa pamoja. Kebo ina uongo wake. RG-58 hupoteza takriban desibeli 5 kwa kila mita 10 kwenye masafa haya. Nguvu inayokwenda hupungua desibeli 5, inayorudi hupungua nyingine 5, na kebo hiyo ya mita 10 isiyo na antena yoyote mwishoni huonyesha SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa, ambapo 1 maana yake hakuna inayorudi) inayokaribia 2, namba ambayo wengi wangeiita nzuri. Kwa hakika kipinga cha omu 50 kilicholehemiwa kwenye konekta huonyesha SWR bora kuliko antena zote mjini, na hakirushi chochote.

SWR ya 2 maana yake asilimia 11 ya nguvu inarudishwa, ya 1.5 ni asilimia 4. Mchana mzima wa kuhangaika kutoka 1.5 hadi 1.1 hauonekani kwenye umbali wa kusoma. Muda huo utumiwe kwenye ufanisi na mahali pa kuweka antena.

Jaribio jepesi la kugundua kasoro ya upimaji ni kuishika kebo kwa mkono na kuusogeza mkono huo. Mchoro kwenye skrini ukicheza, basi kebo nayo inarusha, na kinachopimwa ni antena yenye mkia. Vipete vya feraiti vinavyofaa masafa hayo, vikivishwa karibu na konekta, hupunguza tatizo. Antena iinuliwe juu ya sponji au boksi tupu, mbali na meza ya chuma na mbali na mpimaji. Baada ya kipimo hicho cha usafi, ndipo kazi yenyewe inapoanza: antena iwekwe kwenye boksi lake, boksi lifungwe, betri iwemo, bidhaa iwepo, na kipimo kirudiwe. Ngoma iliyowambwa juani hulegea ikikutana na unyevu, na antena nayo hushuka masafa yake ikikutana na maji, mbao mbichi au mwili. Kushuka huko kukijulikana, antena hukatwa fupi tangu mwanzo ili itue mahali pake ikiwa kazini.

Juni 2010 Apple ilitoa simu ya iPhone 4 ambayo ukingo wake wa chuma ndio ulikuwa antena. Wateja waligundua haraka kwamba kidole kikiziba ufa mmoja mdogo chini kushoto, mawasiliano yalidhoofika. Mwezi uliofuata kampuni iliitisha mkutano na waandishi wa habari na kutoa makasha ya bure ya kufunika ukingo. Kwa kifaa chochote cha kushikwa, mkono ni sehemu ya saketi, na upimaji usiohusisha mkono haujakamilika.

Ufanisi nao unaweza kukadiriwa bila chumba maalumu. Njia aliyoieleza Wheeler mwaka 1959 ni kuifunika antena ndogo kwa kasha la chuma linalogusa pande zote bamba la chuma lililo chini ya antena, ili isiweze kurusha. Ukinzani unaobaki ndani ya kasha ni ule unaopotea kama joto. Antena ikionyesha omu 40 ikiwa wazi na omu 10 ikiwa imefunikwa, ufanisi wake ni asilimia 75. Kwenye megahezi 868 kuta za kasha zikikaa zaidi ya sentimita 5.5 kutoka kwenye antena zinatosha, hivyo sufuria ya ukubwa wa kati inafaa, ilimradi ukingo wake ubane vizuri kwenye bamba.

Kutoka mezani kwenda uwanjani

Geini na mwelekeo havisomeki kwenye NanoVNA na antena moja. Vinahitaji umbali, uwanja wazi na antena ya kulinganisha. Daipoli iliyotengenezwa kwa makini inatosha kuwa kipimo: redio ya upande wa pili inarusha, nguvu inayopokelewa na daipoli inaandikwa, kisha daipoli inabadilishwa na antena mpya palepale, urefu uleule, na tofauti ya desibeli inajumlishwa kwenye 2.15. Namba halisi ya kipokezi haina uzito mkubwa, kwa kuwa tofauti ndiyo inayotafutwa.

Umbali wa chini hutokana na ukubwa wa antena: mraba wa upana wake ukizidishwa kwa mbili, kisha ukagawiwa kwa urefu wa wimbi. Paneli ya sentimita 25 kwenye UHF inataka chini ya nusu mita kwa hesabu hiyo, na mita moja au mbili huwa salama zaidi. Antena ya Yagi ya mita 1.5, ya jamii ya zile zilizojaa juu ya mapaa ya nyumba kwa ajili ya televisheni, inataka mita 13 au zaidi. Ardhi hurudisha wimbi pia, na miale miwili inaweza kusaidiana au kuuana, kwa hiyo mpimaji aziinue antena zote mbili juu, asogeze moja sentimita chache mbele na nyuma, na achukue wastani.

Kuna jambo dogo la ufungaji linaloharibu antena nzuri. Yagi ikisimamishwa ili vijiti vyake viwe wima, mlingoti wa chuma usipite kati ya vijiti hivyo, maana nao ni kijiti kirefu kilicho sambamba na vingine. Ifungwe kwa nyuma, au kipande cha juu cha mlingoti kiwe cha plastiki ngumu au mbao kavu.

Kwa tagi, kisomaji chenyewe ndicho kipimo. Tagi huwekwa umbali usiobadilika, kwa mfano mita moja na nusu, na nguvu ya kisomaji hupunguzwa desibeli moja moja hadi tagi inyamaze. Nguvu ya mwisho iliyojibiwa huandikwa. Tagi inayojibu kwa desibeli 6 pungufu kuliko mwenzake itasomwa kutoka umbali maradufu. Kazi hiyo irudiwe kwenye masafa ya chini, ya kati na ya juu ya bendi inayoruhusiwa, kisha tagi igeuzwe nyuzi 15 kila mara. Tagi ya daipoli iliyoelekeza ncha yake kwa kisomaji hukaribia kupotea, na mwenye ghala anapaswa kulijua hilo kabla hajaamua zibandikwe upande gani wa boksi. Pale ambapo boksi huja limegeuka vyovyote, antena ya kisomaji ya wimbi linalozunguka inastahili zile desibeli 3 inazopoteza. Pale ambapo tagi huja kwa mkao mmoja daima, antena ya mwelekeo mmoja inayolingana na mkao huo hurudisha desibeli hizo.

Kabla ya kuagiza tagi elfu kumi

Bei ya tagi moja ni ndogo, na bei ya kubandua elfu kumi zisizosomeka ni kubwa. Mnunuzi aagize sampuli za aina nne au tano, kila aina tagi kumi, kwa sababu hata tagi za kiwanda kimoja hutofautiana. Zibandikwe kwenye bidhaa halisi iliyojaa, si kwenye kopo tupu lililookotwa ofisini. Penye chuma zitumike zile zilizobuniwa kwa ajili ya chuma, ambazo hukitumia chuma hicho kama sehemu ya antena. Penye maji au mwili, sponji ya milimita chache chini ya tagi hurejesha sehemu kubwa ya umbali. Ndiyo sababu baadhi ya namba za vifuani za wakimbiaji wa marathoni huwa na kipande cha sponji nyuma ya tagi. Mara nyingi sehemu nzuri kuliko zote haigharimu kitu: shingo ya chupa juu ya usawa wa kinywaji, au pengo la hewa kati ya mfuniko wa boksi na bidhaa.

Baada ya bidhaa moja kufaulu, zipangwe nyingi. Tagi zikikaa ubavu kwa ubavu huvutana, na maboksi ya nje huyafunika ya ndani. Kwenye lango la ghala lenye milango ya chuma, miale inayorudi hutengeneza sehemu zenye nguvu na sehemu zilizokufa zinazopishana kwa takriban sentimita 17, hivyo mzigo usomwe ukiwa unatembea, na antena ziwe mbili au zaidi zenye mielekeo tofauti. Kigezo cha kukubali kiwekwe mapema: tagi isomwe kwa nguvu iliyopunguzwa desibeli 3 hadi 6 chini ya ile itakayotumika kazini. Ziada hiyo ndiyo itakayobeba mvua, vumbi, lebo iliyokunjamana na konekta iliyolegea.

Matokeo yote yaingie kwenye jedwali moja linalotaja aina ya tagi, mahali ilipobandikwa, unene wa sponji, masafa, pembe na nguvu ya mwisho iliyojibiwa, pamoja na picha ya jinsi vifaa vilivyopangwa. Mwenye kiwanda cha juisi akihama kutoka chupa za plastiki kwenda boksi lenye karatasi ya alumini ndani, fundi wake anarudia kipimo kilekile kwa umbali uleule, analinganisha safu mbili za namba, na kabla ya jioni anaweza kumweleza tajiri wake kama tagi zilizobaki stoo bado zinafaa au zihamishiwe kwenye boksi la nje.